Fishie Iliyoshiba Hewa

Feza, mujukuu wangu,

Aibu haikukuuma? Siku tisa ulikuwa hapa Wamaza. Ulilala kule sentre ya afya juu ya benchi ya wagonjwa, na mimi tate yako, mama ya mama yako, niliyekubeba mugongoni mpaka mugongo ukakubali kupinda, habari ya kuja kwako nilipewa na mama anayeuza karanga. Muuza karanga, Feza! Aliniuliza, "Mama, Feza amekonda hivi, hamumupi chakula?" Nikamujibu kwamba unakula vizuri, unasaza. Nilidanganya mutu wa watu kwa ajili yako. Mvua mbili nzima ulikuwa Kasongo unajifunza mambo ya ordinatere, zile mashini za kompyuta, nikanyamaza, nikasema masomo ni masomo. Lakini kutoka sentre mpaka mulango wangu? Kuku wangu wanaenda kule na kurudi mara tatu kwa siku. Kuku, Feza. Hawana hata viatu.

Sasa hasira imekwisha. Hapana, haijakwisha. Nimeisogeza kando kidogo ili maneno mengine yapate pa kukaa.

Kesho asubui piki-piki inakuja kukubeba, unarudi Kasongo, na safari hii si kwa masomo, ni kwa kazi. Saa hii uko sentre unaaga watu, na Mwalimu Salumu amekaa hapa barazani kwangu na kalamu yake, anaandika ninayosema. Unajua mimi sikuingia shule hata siku moja. Kalamu mukononi mwangu ni kijiti cha kuchokonolea meno. Nimemuambia aandike maneno yangu yalivyo, asiyavalishe koti. Tayari amenitazama mara mbili kwa jicho baya.

Usiifungue barua hii njiani. Ifungue ukifika, ukiisha kuoga vumbi. Iko na sababu, utaiona mwisho.

Sitakuambia habari ya maji ya kuchemsha wala ya chandarua, hayo ni wewe uliyetufundisha. Nataka kukuambia habari ya ghala. Siku ile pale sentre nilikuambia nusu tu, kwa haraka, tumesimama. Nusu ingine imekaa kooni mwangu tangu mama yako alipokuwa mutoto wa kutambaa, na sipendi ikae huko tena.

Lakini ngoja nianze na sufuria.

Nilipotoka kwa muuza karanga nilipika ugali na majani ya sombe, nikaweka sufuria kichwani, nikaja sentre na hasira yangu yote. Nilikuwa nimepanga matusi vizuri, moja nyuma ya lingine. Nikafika mulangoni, nikasikia munganga wa sentre anafoka.

"Umefuta, umefuta, kila siku unaniambia umefuta! Mashini iko nzito vilevile! Unanionyesha nini?"

Na wewe ulikuwa umeinama mbele ya ile mashini, mabega yamekupanda mpaka masikioni. Macho mekundu. Nikajua si ya usingizi. Matusi yangu yote yalipotea. Niliweka sufuria chini, nikamuambia munganga, "Wewe, mutoto wa mutu hafokewi na tumbo tupu. Keti. Na wewe kula." Akaketi. Ni mutu muzuri yule, sauti yake tu ndiyo ilizaliwa mbele ya akili.

Ukala, ukanielezea. Nilikuwa sijui kitu, na leo ninajua, na ninataka uone kwamba nilisikia. Ulisema ndani ya mashini ile kuna fishie, kitabu kisicho na karatasi, na ndani yake kuna majina ya watoto wote waliozaliwa upande huu: mama ni nani, baba ni nani, sindano gani alipata na ipi bado. Karatasi zetu sisi zilikwenda na moto wakati wa kukimbia vita, mashini tu ndiyo iliponyoka, kila mutu hapa anajua. Mutoto wa Wamaza hana mahali pengine penye kusema alizaliwa. Ni mule tu.

Na watu wa Kasongo walikuwa wanakuja nyuma ya siku tatu na kazi mupya ya chanjo ya kuingiza mule mashinini, na mashini ilikuwa imejaa, haina hata pa kuweka kidole. Wewe uliitwa utafute nafasi. Ukaona kwamba ile fishie ilikuwa imejazwa picha, picha za kadi za zamani, nzito kama mawe, na picha hizo zilikuwa zimekwisha kupelekwa Kasongo. Ukazifuta. Siku nzima unafuta. Na fishie haikupungua hata kidogo.

Nikakuuliza, "Umetoa vitu, na bado inabaki nene? Imeshiba nini?"

Ukacheka kwa mara ya kwanza. "Imeshiba hewa, tate. Nikifuta, nafasi hairudi kwa mashini. Fishie inaichunga yenyewe. Inasema, hapa patupu ni pangu, siku moja nitapaandika kitu. Mwingine hapewi."

Feza, uliposema hivyo nilisikia baridi mugongoni. Wewe hukuona, ulikuwa unalamba kidole.

Munganga akasema, "Basi mimi niko na dawa. Tufute watoto wa zamani. Kuna waliokufa, kuna waliohamia Salamabila na wazazi wao kuchimba zahabu, hawarudi. Au tufute yote, tuanze kitabu kipya." Nilikutazama, na nikaona kwamba umechoka mpaka ulikuwa karibu kusema ndiyo.

Ndipo nikakuuliza lile swali ambalo leo ninalisifu mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyelisifu. Nikasema, "Ukifuta watoto hao, fishie itapungua?"

Ukageukia mashini. Kisha ukasema polepole, "Hapana. Itabaki na unene ule ule. Itashiba hewa zaidi."

"Basi mutapoteza watoto, na nafasi hamutapata."

Munganga alishika kichwa.

Ukasema kuna amri moja, inaitwa vakumu. Nikasema jina lake ni kama dawa ya kuhara. Ukasema, "Ni hivyo hivyo, tate, inatoa hewa yote." Inachukua fishie, inaandika ingine mupya kando yake, inapanga yaliyo mazima tu, moja kando ya lingine, matundu yanaachwa. Lakini ulikuwa umekwisha kuijaribu, na mashini ilikukatalia, kwa sababu kuandika ile mupya kunahitaji mahali, na mahali ndipo palipokosekana. Flashi zenu zote mbili hazikuweza kuimeza.

"Unahitaji ghala ya pili," nikasema.

"Ndiyo, tate."

"Nani iko nayo?"

Ulisukuma sufuria kando. Munganga ndiye aliyejibu. "Idi wa video, kule Salamabila. Ana diske kubwa ya mafilimu."

Na wewe ukasema, "Kwa Idi siendi. Afazali nife."

Hapo ndipo nilikuambia nusu ya ghala. Sasa pokea yote.

Wakati niko bado na meno yangu, bwana yangu alikuwa na wake wawili, mimi mukubwa na Zaina mudogo. Tate Zaina unamujua kama muzee mwenye kikohozi anayekupa ndizi. Mimi nilimujua kama musichana mwenye shingo ndefu aliyeingia nyumbani mwangu akicheka. Kila mumoja alikuwa na ghala yake. Yangu nilitaka iwe kubwa kuliko zote, juu ya nguzo sita, ili watu wakipita waseme, tazama ghala ya muke mukubwa. Mwaka mumoja ndege walinimalizia mupunga shambani, ghala ikajaa nusu. Ya Zaina ilikuwa ndogo kama kibanda cha bata, na shamba lake mwaka ule lilizaa mpaka likawa ni kama linanitukana mimi kwa jina.

Akaja asubui, akapiga magoti. "Dada, upande ule mutupu, niwekee vikapu vyangu mpaka mvua ipite."

Nikamuambia, "Upande ule si mutupu. Unangoja mavuno yangu."

Mavuno gani? Hayakuwepo. Nilikuwa ninachunga hewa. Zaina aliweka vikapu barazani chini ya majani yanayovuja, na mupunga wake ukaota ukiwa ndani ya vikapu, kijani, kama nywele za mutoto. Nilipita pale kila siku kwenda mutoni na sikugeuza shingo. Hiyo ndiyo nusu ambayo hukuijua. Mwalimu Salumu ameacha kuandika, ananiangalia. Andika, Mwalimu. Nililifanya, liandikwe.

Nusu uliyoijua ni ya mwaka uliofuata. Muchwa ulikula nguzo mbili za ghala yangu, na panya walitoboa katikati, mupunga ukawa hapa kidogo, pale kidogo, na mashimo katikati. Wewe umelima na mimi, unajua: ghala haitengenezwi na mupunga ndani. Unatoa yote mpaka suke la mwisho, unaipeleka kwa ghala ya mwenzako, unafukiza nguzo moshi, kisha unarudisha safu kwa safu. Kila mutu hapa anafanya hivyo, na kwa hiyo hakuna mutu hapa anayejenga ghala bila kujua atasaidiwa na ya nani. Na Zaina sasa alikuwa amejenga kubwa.

Kumuomba Zaina? Mimi? Nilingoja ameenda shambani, nikapanda peke yangu. Nikasema nitausogeza mupunga wa kushoto kwenda kulia, nitengeneze kushoto, kisha niusogeze wa kulia kwenda kushoto. Nani atajua? Uzito wote ukaja upande mumoja. Nguzo ikalia kama mutu. Nilijikuta chini, muguu wangu huu unaouma ni wa siku ile, na mupunga wote uko juu ya udongo, na wa mbegu ndani yake, na mvua inakuja kutoka upande wa mulima ikitembea kama mutu anayejua anakokwenda.

Zaina alinikuta ninakusanya kwa vidole. Hakuniuliza kitu. Alishika muzigo wa kwanza, akabeba kwa ghala yake, akarudi, akashika wa pili. Hatukumaliza wote, mwingi ulioza. Tulipokuwa tumekaa ndani tunatiririka maji, alisema neno moja tu: "Dada, upande wangu ule ulikuwa unangoja mavuno yako."

Angenipiga kofi ningepona haraka zaidi.

Kwa hiyo siku ile pale sentre uliposema afazali ufe kuliko kwenda kwa Idi, nilisikia nguzo inalia. Nikakuambia, "Vaa kitambaa kichwani. Tunaenda Salamabila."

Mutu wa piki-piki alinitazama akasema, "Mama, njia ni mbaya, mifupa yako itavunjika." Nikamujibu, "Mifupa ni yangu, wewe chunga magurudumu." Nilikaa nyuma yako, nimekushika kiuno. Tulipofika mifupa ilikuwa imebadilishana mahali, goti limekuja begani, lakini tulifika, na jua lilikuwa bado juu.

Unakumbuka? Idi amesimama mulangoni kwa video yake, wachimbaji wamejaa na vumbi lao jekundu wanangoja filimu. Akakuona. Akapaza sauti, "Karibu, karibu! Huyu si yule musichana asiyeweza kuolewa na muuza vivuli?"

Watu wote wakacheka. Ni wewe uliyemuita hivyo kwa ajili ya mafilimu yake, Feza, sokoni, mbele ya watu, siku alipotuma wajomba wake kwetu. Kumukataa ilikuwa haki yako. Kumupa jina lililomufuata mpaka kazini kwake haikuwa haki. Ulinigeukia, unataka niseme kwa ajili yako. Nikakufinya. "Sikuja kukukopesha mudomo. Uko nao, tena murefu."

Ukapiga hatua. Nilisikia sauti yako inatetemeka halafu ikasimama. "Idi, neno lile nililisema mbele ya watu, na mbele ya watu ninalirudisha. Nilikosa. Nimekuja kuomba nafasi katika diske yako."

"Nafasi gani? Ya mu diske, ama ya mu moyo?"

Wachimbaji walipiga kelele, wengine walipiga sahani. Ukasema, "Ya mu diske, leo. Mengine hayana haraka." Nikawaza, aa, huyu ni mujukuu wangu kweli.

Idi akajikuna kidevu. Akasema diske yake ndiyo chakula chake, na watu hawa wamelipa kuona mapigano, awaambie nini? Nilikuwa ninavua kiatu nimuchape. Ndipo mutu mumoja akasimama kule nyuma, mufupi, tope mpaka magotini.

"Dada, ile mashini ni ya sentre ya Wamaza?"

"Ndiyo, kaka."

"Mimi ni wa Wamaza. Watoto wangu wawili walizaliwa pale. Mumoja tulimuzika huku. Wako mule ndani?"

"Wako mule. Wote wawili."

Mashini ya umeme tu ilikuwa inanguruma. Yule mutu akamugeukia Idi. "Mupe diske. Mapigano tutapigana sisi wenyewe."

Hiyo ndiyo fishie ambayo munganga alitaka kupunguza, Feza. Watoto wa wale "hawarudi".

Idi alisema diske yake hailali nje bila yeye, akaifunga ndani ya shati, akapanda piki-piki yake, akatufuata. Njia nzima alikuwa anaimba vibaya.

Kesho yake, jua lilipopiga vizuri kwenye plake ya umeme wa jua, ulianza. Mimi nilikaa karibu yako, hakuna aliyethubutu kuniambia niondoke. Ulinielezea kila kitu kama ninasoma darasa la ordinatere, na kwa hilo ninakushukuru, watu wengine wananielezea vitu kama wanamusemesha mbuzi. Ulisema ile fishie ya zamani haiguswi, inabaki pale pale. Mupya ndiyo inaandikwa kwa diske ya Idi, na hata umeme ukikatika katikati, ya zamani itabaki nzima. Nikasema hiyo ni akili. Mimi nilivunja ghala nikiwa juu yake.

Tukangoja. Munganga alikuwa anatembea mpaka mulangoni na kurudi kama baba wa mutoto wa kwanza. Idi alikuwa anafuta kioo cha piki-piki yake ambacho kilikuwa kimekwisha kuwa safi. Halafu ukasema, "Imekwisha."

"Iko kiasi gani?" munganga akauliza.

Ukaonyesha kwa vidole: ya zamani hivi, mikono yote miwili wazi. Mupya, ngumi moja.

Munganga akaruka. "Futa ile ya zamani! Futa sasa hivi!" Na wewe, mutu wa siku tisa bila usingizi, mutu aliyetaka kumaliza, ukasema, "Hapana. Kwanza tuhakikishe kila mutu amevuka." Hapo nilipenda kukukumbatia, lakini nilikuwa bado na hasira ya kuku.

Wamama walikuwa wamejaa nje kwa siku ya kupima watoto. Ukawaambia, taja mutoto yeyote, wa zamani, wa jana. Wakaanza kwa haya, moja moja.

"Sefu, wa Mariamu!"

"Iko!"

"Mapacha wangu!"

"Wako, wote. Yule wa pili hajapata sindano ya mwisho, mama, usikimbie!"

Wakacheka, na sasa walikuwa wanapiga kelele majina kutoka mulangoni, kutoka dirishani, kutoka chini ya muti, na wewe unajibu iko, iko, iko, kama mutu anayetwanga. Mumoja alitaja watoto wa yule mutu wa tope. Wako. Na mimi nilikuwa na jina ndani ya mudomo, ninaogopa kulitoa. Munajua wote kwamba siogopi kitu. Siku ile niliogopa.

Nikasema, "Mwamini."

Ukageuka. Ulijua ni nani. Mudogo wako, mutoto wa mwisho wa mama yako, aliyeishi mvua moja tu kisha akarudi alikotoka, na mama yako akamufuata nyuma ya miezi michache. Hakuna picha yake. Kaburi lake lilikwenda na majani tulipokimbia. Ukaandika, nikaangalia kidole chako, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka kujua kusoma.

"Iko, tate," ukasema. "Mwamini. Jina la mama. Uzito wake. Sindano mbili."

Sindano mbili! Nilimubeba mimi mwenyewe siku ile ya pili, alilia, nikamupa kidole anyonye. Kumbe imeandikwa mahali.

Kisha ukafuta ile nene, ukarudisha nyembamba mahali pake, na mashini ikapumua. Munganga alitoka nje, akaanza kucheza, yeye na sauti yake yote, na wamama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa sentre wakakimbia. Idi akachukua diske yake akasema, "Hata filimu moja haikupotea," akakutazama, ukaangalia chini. Sisemi kitu. Nimeona tu.

Watu wa Kasongo walipofika, kazi yao iliingia mule mashinini kama mutu anayeingia kwake. Wakauliza nani alifanya hivi. Wakasema sentre zingine ziko na shida ile ile, na zingine zilikuwa zimeanza kufuta watoto. Ukasimama, hata hukungoja wamalize. "Waambieni waache. Ninakuja." Ninakuja! Mbele ya wakubwa, bila kutetemeka. Nilikaa kwenye benchi ya wagonjwa nikajifanya mugonjwa ili watu wasione uso wangu ulivyofanya.

Haya. Sasa ile sababu ya kutofungua barua njiani.

Unajua chumba chako. Mvua mbili nilikifunga. Kitanda chako, gauni lako la shule ambalo mende walikwisha kulila mikono, ule mulango nilikuwa ninaufagia kwa nje tu. Watu waliniomba. Mwalimu huyu anayeandika aliomba kuweka maharagi yake mule, nikamukatalia. Naona anaandika hilo kwa furaha. Na Zaina, mvua hii iliyopita, paa lake lilianguka, akaenda kulala barazani kwa watoto wa dada yake, na kikohozi kile. Hakuniomba. Alijua jibu. Na mimi, na nywele zote hizi nyeupe, nilipita tena bila kugeuza shingo, nikasema moyoni, kile chumba si kitupu, kinamungoja Feza.

Ulipokuwa unaeleza habari ya hewa, unalamba sombe, ndipo nilipata baridi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mimi ni mutu mumoja yule yule.

Nilikwenda kwa Zaina leo asubui, ulipokuwa umelala. Nikamuambia, "Chukua kikapu chako."

Akanitazama. "Kuna nini? Unakufa?"

"Sikufi. Kesho Feza anaenda. Kitanda kiko."

"Na Feza akirudi?"

"Feza ana miguu, ana Kasongo, ana sentre zote za Maniema za kutengeneza. Wewe una kikohozi. Chukua kikapu."

Alifunga kitambaa chake upya, polepole, mpaka nikafikiri atakataa, na ingekuwa haki yake. Kisha akacheka kile kicheko cha shingo ndefu. "Dada," akasema, "mupunga wangu umengoja sana." Tukacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamupiga mugongo.

Kwa hiyo ukisoma maneno haya, Zaina iko juu ya kitanda chako. Gauni la mende nimelichoma. Usilie. Kama unalia, lia kidogo, kisha uende ukafanye kazi. Sikukutoa. Wewe uko mahali pako, kama Mwamini alivyo mahali pake. Ni hewa tu niliyoitoa. Na tangu nilipofanya hivyo ninatembea ndani ya nyumba hii kama mutu aliyeshinda mashindano. Nimeimba asubui nzima. Kuku wamenishangaa.

Mwalimu anasema karatasi inakwisha. Mimi tate yako, asiyejua kusoma, anayekupenda kwa meno yaliyobaki.

Ukirudi Wamaza, usipite sentre kwanza. Piga mulango wangu, hata kama mashini zote za dunia zimejaa. Na uje na mukeka wako, kwa sababu kitanda kina mwenyewe: utalala chini, katikati ya wazee wawili wanaokoroma, na utatusomea majina ya watoto.